Kitunguu cha Mbegu na Subira ya Ghala

Hapana mkulima wa bustani ya nyumbani asiyejua kuisifu siku ya kupanda na siku ya kuvuna. Walakini siku zilizo baina ya mavuno na kupanda tena, wakati mazao yamekwisha kuingia nyumbani na jembe limewekwa pembeni, aghalabu hazitajwi. Ni hizo ninazotaka kuzisemea leo, kwa sababu liko zao moja dogo ambalo faida yake na hasara yake huamuliwa ghalani zaidi kuliko shambani.

Zao lenyewe ni kile kitunguu kidogo chekundu kinachozaana ardhini. Kitunguu maji tulichokizoea, mathalani kile kitokacho Singida na Mang'ola, huanzishwa kwa mbegu nyeusi, na ili kizitoe mbegu hizo hakina budi kupata msimu wa pili na ubaridi wa kutosha. Lakini hiki kidogo hakingoji ua. Hupandwa kimoja, kikajigawanya chini ya udongo, na baada ya miezi miwili au mitatu hung'olewa kikiwa shada la vitunguu vitano, sita, pengine kumi. Basi kitunguu kile kile ndicho chakula, ndicho rasilimali na ndicho mbegu. Na mwenye kukishika mkononi jioni, mafuta yakiwa yamekwisha kupata moto, yampasa aamue kama anakata kitoweo cha leo au anakata mavuno ya mwakani.

Watu wa Brebes, katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java huko Indonesia, wameizoea hukumu hiyo. Hulima juu ya matuta mapana yaliyotengwa kwa mifereji, mkulima akisimama mferejini na kuyarushia matuta maji kwa chombo chenye mpini mrefu. Shamba la hekta 1 humdai mbegu ipatayo tani 1, naye hutaraji kuvuna kiasi cha tani 10. Yaani sehemu moja katika kumi hurejea ardhini, mithili ya zaka ya mazao, kabla mwenye shamba hajahesabu chake. Na mbegu hiyo haisongamanishwi ndani ya magunia: hufungwa mafungu pamoja na majani yake, ikaanikwa hata shingo zikakauka, kisha hutundikwa kwenye fito za mianzi. Desturi ya kale ni kuitundika juu ya meko ya kuni, ili moshi na joto viondoe unyevu na kuwafukuza wadudu, mpaka ipite miezi miwili au mitatu ya mapumziko yake.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo dhana kwamba joto letu ndilo liozeshalo vitunguu. La hasha! Kitunguu hudumu katika baridi inayokaribia digrii 0, na hudumu vile vile katika joto la digrii 25 hadi 30. Kinachokiamsha kikachipua kabla ya wakati ni ubaridi wa kati na kati, na kinachokiozesha ni unyevu. Mwenyeji wa Tanga au Mombasa, basi, anayo bure nusu ya ghala, nayo ni joto. Ambacho hana budi kukitafuta kwa hila ni ukavu. Kwa rai yangu, na apande mvua za vuli zikielekea kwisha, juujuu tu, ncha ya kila kitunguu ikilingana na udongo. Apalilie kwa hadhari, kwani mizizi yake ni mifupi. Aache kumwagilia majani yaanzapo kulala. Avune katika kaskazi, kisha akianike kivulini penye hewa muda wa wiki mbili au tatu, pasipo kukiosha wala kukikata shingo ingali mbichi, ili masika yakiingia yakikute kimo katika susu au juu ya uchaga wa jikoni.

Walakini ghala jema halifai kitu ikiwa kilichowekwa ndani yake ni kibaya. Tamaa hutufundisha kula vilivyonona na kuvirejesha ardhini vile dhaifu, na hapo ndipo ukoo mzima unapoharibika. Maana kitunguu hiki hakipiti katika mbegu ya ua, na kirusi kilichomo katika mzazi hurithiwa na watoto wote. Mkulima mwenye busara huchagua mbegu yake mapema, majani yangali kijani, akatia alama mashada yenye afya na kuyang'oa yale yenye majani ya manjano yaliyokunjamana. Baada ya kuvuna, vyenye shingo nene na vyenye michubuko ndivyo viliwe kwanza, kwani havitadumu.

Atakaye kujaribu na aanze na vitunguu 20, asile hata kimoja cha mavuno ya kwanza. Kila kimoja kikizaa vitano, atakuwa na 100. Akivipanda vyote vikazaa vivyo hivyo, atakuwa na 500, na hapo ndipo atenge mbegu kwanza, kisha ale kwa raha. Msimu mmoja wa kujinyima ndio bei ya kutonunua mbegu tena, na kwa nyumba yenye bustani ndogo naiona kuwa bei rahisi.