Homa ya Kuvu Hospitalini: Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kazi ya chama chetu ni kusaidiana katika ugonjwa na katika maziko. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niseme juu ya adui asiyejulikana na wengi, yaani kuvu iingiayo katika damu ya mgonjwa aliyelazwa hospitalini.

Kuvu ni jamaa ya hamira, na ya ukungu tuuonao juu ya mkate uliolala. Aina iitwayo Candida hukaa kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya, wala haiwadhuru. Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akiisha kupasuliwa tumbo, au akikaa siku nyingi katika chumba cha mahututi, mrija uliotiwa katika mshipa wake huweza kuwa mlango wa kuvu. Tena dawa kali za bakteria, ingawa huokoa maisha, huwaua pia bakteria wema walioizuia kuvu isizidi. Ndipo homa hupanda, na dawa zile haziishushi.

Iko aina moja, Candida auris, iliyotangazwa na wataalamu wa Japani mwaka 2009. Neno auris maana yake ni sikio, kwa kuwa ilipatikana sikioni mwa mgonjwa huko Tokyo. Hii hukaa juu ya ngozi, vitanda na vyombo, huhama kwa mikono, na mara nyingi haiuawi na dawa ya flukonazoli. Msidhani iko mbali. Katika hospitali moja ya rufani mjini Nairobi, kati ya miaka ya 2010 na 2016, wagonjwa 201 walionekana na Candida damuni, na 77 kati yao walikuwa na auris. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya kuvu nne zilizo hatari kupita zote.

Wazee wangu, mgonjwa aliyeanza kupona akifariki ghafula, minong'ono huanza: Nani alimletea uji? Nani alimtazama kwa jicho baya? Ndugu hurudi kutoka kaburini wakiwa maadui. Mimi nasema, kabla ya kumshuku jirani, tumwulize daktari kama damu ilipimwa. Kipimo hicho huchukua siku kadhaa, kwa maana kuvu huoteshwa kwanza. Nazo dawa za kuvu zipo, na zikiwahi huokoa wengi.

Naleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, wanaozuru wagonjwa kwa niaba ya chama wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada, wasiketi kitandani, wala wasiguse mrija. Pili, tusinunue dawa za bakteria pasipo cheti cha daktari. Tatu, mfuko wa ugonjwa ufunguliwe mapema, ulipie kipimo cha damu daktari akiagiza. Haifai chama kiwe chepesi kununua jeneza, na kizito kulipia kipimo.

Jambo hili la tatu lahitaji kura yenu. Naliacha mikononi mwa wazee.