Amani ya Kazi Katika Zama za Dhiki: Funzo la Nachingwea



Mas'ala niliyopewa heshima ya kuyanena leo ni amani ya mtu katika kazi yake wakati uchumi umedorora, na namna ya kuchagua kazi katika wakati kama huo. Aghalabu mas'ala haya huzungumzwa kana kwamba ni ya miji mikubwa, ya mabenki na viwanda vya ng'ambo. Lakini ni nchi chache zilizofundishwa somo hili kwa ukali kama zilivyofundishwa Nachingwea na Ruangwa, hapa kusini mwa Tanzania. Dai langu ni hili: kazi ya ujira hudumu kwa kadiri unavyodumu uamuzi ulioianzisha, na kwa kuwa uamuzi huo hukaa mara nyingi mahali ambapo mfanyakazi hasikiki, basi amani yake imo katika kile atakachobaki nacho siku uamuzi utakapogeuka.

Mwaka 1946, Uingereza ikiwa imetoka vitani na raia wake wakipungukiwa mafuta ya kula, serikali yake ilituma ujumbe chini ya Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, nao baada ya wiki chache za safari ukarejea na rai ya kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, kwa gharama ya pauni milioni 25. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, na Jimbo la Kusini likatarajiwa kubeba fungu kubwa kupita yote. Msitu ukafyekwa, mji ukasimama, reli ikatandazwa kuelekea pwani, bandari ya Mtwara ikajengwa. Na watu waliokuwa wakiishi kwa jembe lao wenyewe wakaingia katika ukataji miti, uashi, udereva, ukarani na ufundi wa mitambo. Kisha, Januari 1951, serikali ile ile iliyoamuru ikatangua amri yake, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kuwa ni hasara.

Nawaomba tuzitazame sababu kwa makini. Mvua ilikadiriwa kwa matumaini, udongo haukupimwa ipasavyo, mitambo mingi ilikuwa mabaki ya vita iliyoharibika upesi, na mambo yote yaliharakishwa ili kuiridhisha siasa ya London. Katika sababu zote hizo hamna hata moja iliyotokana na uvivu wa mtu aliyeshika panga au usukani. Hodari na mzembe waliondolewa na uamuzi mmoja. Kwa hiyo tunapowaambia vijana kwamba mwenye bidii hapotezi kazi, tunawapa nasaha ambayo historia ya mahali hapa imekwisha kuikanusha. Bidii ni sifa njema na ni faradhi, lakini haimkingi mtu na hesabu zinazofanywa katika ofisi asiyoijua.

Nini, basi, kilichobaki? Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mashamba makubwa yakabadilika mikono na makusudio. Lakini aliyekuwa amejifunza kufungua injini na kuifunga, kupima ukuta kwa timazi, au kuweka daftari la hesabu, alikuwa na maarifa yaliyoweza kumlisha Lindi, Mtwara au Dar es Salaam, ilhali yule ambaye kazi haikumfundisha ila kungoja sauti ya mnyapara alitoka kama alivyoingia.

Somo hilo lilirudi kwa sura ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Katika miaka hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vipya wakaiacha mikorosho mbali, bei aliyolipwa mkulima ikadhoofu, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaishambulia miti. Na katika kipindi hicho hicho viwanda vya kubangua vilikuwa vikijengwa kwa mikopo, Nachingwea ikiwa na chake, hata mashine zikakaa tayari na korosho ghafi hakuna. Vingi katika viwanda hivyo viliishia kuwa maghala.

Wapo watakaosema: basi na turudi shambani, ambako hakuna wa kutufukuza. Naliheshimu jawabu hilo, walakini halitoshi. Agosti 2017 India ilipowekea kikomo uingizaji wa mbaazi, bei iliporomoka hapa pasipo mkulima kukosea lolote. Na mwaka 2018 wanunuzi na wakulima walipovutana juu ya bei ya korosho, ilibidi Rais Magufuli aamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Shamba nalo lina bwana wake wa mbali. Anayestahimili zaidi ni yule mwenye ufuta wa kuuza katikati ya mwaka, mbaazi baada yake, korosho mwishoni, na muhogo ambao haungojei mnada.

Na sheria yetu je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimu mwajiri anayepunguza watu kutoa taarifa na kushauriana nao, na inaamuru kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Ni haki, na kila kijana aijue. Lakini fanyeni hesabu: miaka 10 ya utumishi yaweza kuzaa malipo ya siku 70 tu. Aliyeitoa miaka hiyo asipate kingine ila mshahara, ana siku 70 za kujifunza maisha mapya.

Nayasema haya kwa sababu Ruangwa leo inatazamia madini ya kinywe, ambayo dunia inayatafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na ambayo soko lake hutikisika China inapobadili sera. Siwazuii vijana kwenda. Nawasihi waende na masuali matatu. Uamuzi wa kazi hii unakaa wapi, na nani anayeweza kuutangua? Itanifundisha nini ambacho mwajiri mwingine, au jirani yangu, atakihitaji? Na mshahara huu, kabla haujakoma, utanunua nini kitakachozaa: shamba, vyombo vya ufundi, au masomo?

Mzigo huu, hata hivyo, ni dhuluma kumtwika kijana peke yake. Vyuo vyetu vina wajibu wa kufundisha ufundi na hesabu kwa pamoja. Na halmashauri zetu, zinapoketi na wawekezaji, zidai kwamba kila atakayeajiriwa afundishwe stadi inayotambulika na apewe cheti chake, kiwe mali yake popote aendako. Dai hilo lina nguvu mkataba ukiwa ungali unaandikwa na mwekezaji akiwa anatuhitaji. Likingoja hadi siku ya kufunga milango, atakayelisema hatakuwa na wa kumsikiliza. Basi na tulidai sasa.