KUSUSA KURA SI KULALA

(Hotuba ya mwanachama wetu mwenye duka huko Mwanza, mbele ya mkutano wa tawi alipokuja kisiwani.)



Nimetakiwa nieleze khabari za uchaguzi wa serikali za mitaa huko bara, kwa kuwa humu tawini wamezidi wanaosema: “Kura haina maana tena, siku hiyo mimi nitalala.” Neno hili si la kuchekwa. Wanaolisema si wavivu wala si wasaliti. Ni watu waliochoka. Basi na tulipime kama tunavyopima mchele, bila ya kuongeza wala kupunguza.

Kwanza tujue kinachogombewa. Bara, kila kijiji, kila mtaa na kila kitongoji huchagua mwenyekiti wake kila miaka mitano. Cheo hicho si kikubwa, lakini ndicho kilicho karibu na mlango wa mtu. Ukitaka barua ya kujulishwa benki, ukitaka kumdhamini ndugu yako polisi, ukiuza kiwanja, utakwenda kwa mwenyekiti. Kijijini, mkutano mkuu una haki ya kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Katika mialo ya Ziwa, pale dagaa wanapoanikwa na sangara wanapopakiwa, mvuvi anayetozwa ushuru anataka kujua fedha ile imekwenda wapi. Akiwa na mwenyekiti aliyemchagua mwenyewe, ana mtu wa kumwuliza.

Sisi visiwani hata hicho hatuna. Sheha hatumchagui, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Na nyote mnaujua uzito wa sheha pale mtu anapotaka kitambulisho, au anapotaka kuandikwa katika daftari la wapiga kura. Kwa hivyo ndugu zetu wa bara wanapoteza kitu ambacho sisi bado hatujakipata.

Sasa sikilizeni mwenendo wake. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela, pamoja na kisiwa cha Ukerewe, yalipeleka Bungeni wabunge wa CHADEMA. Disemba 2014, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wapinzani wakapata viti vingi, khasa mijini. Ilipofika 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kabla ya kura: huyu fomu yake ina kosa la uandishi, yule kafika afisini kakuta mlango umefungwa. CHADEMA ikajitoa, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikafuata. Tarehe 24 Novemba 2019 CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mahali pengi hapakupigwa kura kabisa, maana mgombea alikuwa mmoja tu.

Watu wakasema: “Kosa ni kujitoa.” Basi tarehe 27 Novemba 2024 vyama vikaingia. Wagombea wakaenguliwa tena, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98. Walitoka, wakakosa. Waliingia, wakakosa.

Kwa sababu gani? Mimi ni mwenye duka, nitajibu kwa lugha ya duka: mizani. Uchaguzi wa 2019 na wa 2024 haukusimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Ulisimamiwa na TAMISEMI, iliyokuwamo wakati huo ndani ya Ofisi ya Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa chama kimoja katika hivyo vinavyoshindana. Mizani ikiwa mikononi mwa muuzaji peke yake, na mnunuzi hana ruhusa ya kuitazama, mnunuzi akija atapunjwa. Asipokuja, ataandikwa kuwa ameridhika. Tena mnunuzi wa mchele akipunjwa hapa atakwenda duka la pili. Mpiga kura hana duka la pili. Serikali ni moja, na kodi utailipa, umepiga kura au hukupiga.

Ndipo tufike kwenye kususa. Kususa kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Namna ya kwanza ni kila mtu kivyake kubaki nyumbani. Huyo hakuna anayemjua kama amekataa, anaumwa, au yuko baharini. Kimya chake hakina jina. Namna ya pili ni watu kukubaliana, kutaja sababu, kutaja wanachotaka, na kusimama pamoja.

Namna hii ya pili Kanda ya Ziwa inaijua tangu zamani. Mwaka 1958 watu wa Geita waliikataa Halmashauri ya Wilaya ya mataifa mchanganyiko waliyowekewa na Waingereza. Hawakujifungia ndani, walikwenda kwa wingi mpaka Mwanza kusema neno lao, wakatawanywa kwa moshi wa machozi. Halmashauri za namna ile hazikudumu.

Na sisi tumekwisha kuionja. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wa Zanzibar, na CUF ikasusia marudio ya tarehe 20 Machi 2016. Sababu ilijulikana, dunia ikasikia, na shirika la Marekani la MCC likasimamisha msaada wa dola milioni 472. Heshima yetu ilibaki. Lakini tusifichane: viti vya majimbo vilichukuliwa na chama kimoja, na sheria zikapitishwa bila ya sauti yetu. Kususa kuna bei, na anayesusa lazima aijue kabla hajatia mkono mfukoni.

Wala asituambie mtu kuwa kura moja haina thamani. Januari 1961, hapo Chake Chake, kiti kilipatikana kwa kura moja tu. Thamani kura inayo. Anayeiondoa ni mwenye kuihesabu. Nao wanaoufunga mlango mdogo wa mtaa wasistaajabu watu wakitoka barabarani. Tarehe 29 Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo katika uchaguzi mkuu, na watu waliuawa katika miji ya bara, Mwanza ikiwamo.

Nasaha zangu ni tatu. Ya kwanza: kila mmoja ajiandikishe katika daftari, hata kama moyo wake umekufa. Asiyeandikwa hawezi hata kususa, kwa kuwa hakuwa na cha kukizuia. Ya pili: shauri la kushiriki au kutoshiriki likatwe katika mkutano, liandikwe na litangazwe, na kila mmoja alifuate, lisikatwe kitandani asubuhi ya uchaguzi. Ya tatu: tudai mizani kabla ya kudai mchele. Tudai masheha wachaguliwe, na tuwaunge mkono ndugu zetu wa bara wanaotaka uchaguzi wao utoke mikononi mwa TAMISEMI. Madai haya yasingoje mwaka wa uchaguzi. Yaanze leo, tawini hapa.

Anayetaka kulala na alale, usingizi ni haki yake. Lakini asiuite usingizi wake siasa.