Mali Bila Daftari
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya kazi serikalini. Naomba radhi, nitasema juu ya hesabu za kutoa, ambazo nilifunzwa humu humu ukumbini kwa msaada wa fimbo.

Mpwa wangu, aliyesoma hapa, anafanya kazi Marekani. Mwaka juzi aligongwa na gari akavunjika mguu. Bima ya matibabu ya mwajiri wake ililipa hospitali. Baadaye bima ya gari lililomgonga ikakubali kumpa fidia. Akanipigia simu: "Mjomba, nyumba ya mama sasa itaezekwa." Juma lililofuata akapiga tena, amenyong'onyea. Bima ya matibabu inataka irudishiwe fedha zake zote kutoka katika fidia hiyo.

Alidhani ameonewa. Nikamwambia anisomee mkataba wake. Sharti lilikuwamo tangu siku aliyoajiriwa.

Hoja ya bima si ya kipuuzi: mtu asilipwe mara mbili kwa jeraha moja. Lakini sikilizeni kesi ya lililokuwa shirika la ndege la US Airways. Mfanyakazi wake aliumia vibaya katika ajali ya gari mwaka 2007. Mfuko wa matibabu wa shirika ulilipa dola 66,866. Yeye alipata fidia ya dola 110,000, ambayo alisema ni sehemu ndogo tu ya hasara yake. Mawakili wakachukua asilimia 40, yaani dola 44,000. Vijana, zimebaki ngapi? Naam, 66,000. Mfuko ukadai 66,866 zote! Maana yake mtu agongwe, kisha atoe dola 866 mfukoni mwake.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maneno ya mkataba ndiyo yanayotawala, hata kama majeruhi hakufidiwa hasara yake yote. Lakini kwa kuwa mkataba ule ulinyamaza juu ya ada ya mawakili, mfuko nao ulipaswa kuchangia ada hiyo.

Basi nikamshauri mpwa wangu asitie sahihi mapatano kwanza. Wakili wake aombe orodha ya kila malipo, aondoe yasiyohusu ajali, kisha aombe punguzo kwa ajili ya ada. Katika orodha ilikutwa dawa ya macho, kana kwamba aligongwa jichoni! Ikaondolewa, na punguzo likapatikana. Fidia ilipungua, lakini bati zilinunuliwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana, siku ya kwanza ya kazi mtapewa karatasi nyingi na kalamu moja. Someni kwanza mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo mshike kalamu.