Nani Ampime Mwanafunzi wa Sanaa za Maonyesho?



Mzazi akisikia mwanawe kachaguliwa kusoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huuliza kwanza ataajiriwa wapi. Ana haki ya kuuliza. Lakini leo naomba tujadili anasoma nini hasa, na nani anayestahili kumpima.

Chukueni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Mhusika mkuu anazama mtoni, na anapoibuka kesho yake nguo zake ni kavu. Mwanafunzi aliyepewa nafasi hiyo hawezi kuimudu kwa kukariri maneno. Mtu aliyetoka kwa Hongo, pepo wa mtoni, anatembeaje? Anaposema, sauti ni yake au ya pepo? Ili ajibu, inambidi asome Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, aelewe uchungu wa wakulima waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani, na akiweza akae na wazee wanaoujua uganga wa Rufiji. Mazoezi ya namna hiyo ni utafiti kamili, hata kama jibu lake linatolewa kwa mwili badala ya karatasi. Nalisisitiza hili kwa sababu bado wapo wasomi wenzetu wanaodhani tunawafundisha vijana kucheza tu.

Njia tulishaonyeshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na Amandina Lihamba, ambao pia waliandika tamthilia ya Harakati za Ukombozi pamoja na Ndyanao Balisidya, walikwenda kufanya kazi Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao, yakiwemo mimba za wanafunzi na vijana kukosa kazi, wakayatengenezea maonyesho kwa ngoma zao za Kisukuma, kisha wakajadiliana. Mwaka 1996 mradi wa Tuseme uliipeleka njia hiyo hiyo katika shule za sekondari. Msichana aliyezoea kunyamaza anasimama mbele ya walimu wake na kuigiza yale yanayomkwamisha masomoni. Mimi sijui mtihani wa darasani unaoweza kupima ujasiri wa aina hiyo, wala ustadi wa aliyemsaidia kufika hapo.

Ninachohofia ni mwanafunzi wetu kumaliza shahada akiwa ameigiza mbele ya wanafunzi wenzake tu, nao humpigia makofi hata pale alipoharibu. Insha anaandika kwa Kiingereza, ilhali wanaomsubiri nje wanazungumza Kiswahili.

Napendekeza sehemu ya alama za mwaka wa mwisho itokane na onyesho lililotengenezwa pamoja na watu walio nje ya chuo, na ripoti yake iandikwe kwa Kiswahili. Msimamizi asiondoke igizo linapokwisha. Abaki wakati wa majadiliano, pale mama mmoja anaposimama na kusema mambo hayakuwa hivyo, aone mwanafunzi anampokeaje: anajitetea, au anamkaribisha jukwaani aonyeshe yalivyokuwa?

Najua mtanikumbusha nauli, posho na wingi wa wanafunzi. Hoja hizo ni za kweli, na safari ya Malya si ya kila muhula. Basi tuanzie Msewe na Changanyikeni, ambako mwanafunzi anafika kwa miguu, na wahadhiri wawili wakikubali kusimamia muhula ujao, kundi la kwanza linaweza kutoka.