Kupiga Solo kwa Saa Moja ya Jioni
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Tawi, Tunduma



Halmashauri imenipa nafasi niseme habari ya gita, na hasa ile sehemu ambayo waimbaji hunyamaza, na mpigaji mmoja akaachiwa uwanja aseme kwa nyuzi. Wapigaji huiita solo. Nimearifiwa ya kuwa katika Tawi letu wamo wanachama kadhaa walionunua magita, na ya kuwa mengi ya magita hayo sasa yametundikwa ukutani. Mmoja wao ameniambia anatafuta mtu wa kumwuzia lake, maana amekwisha sadiki ya kwamba solo ni karama ya kuzaliwa nayo, na yeye hakuzaliwa nayo. Basi maneno haya nayaelekeza kwake kwanza, nanyi wengine mtayasikiliza pamoja naye.

Nitaanza kwa mtu wa upande wa pili wa mpaka. Njia hii ipitayo mbele ya ofisi zetu, ukiifuata kwa Nakonde na Kapiri Mposhi, ukapita nchi ya shaba, itakufikisha Katanga. Huko, katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi huitwa Likasi, mwaka wa 1952 Bwana Hugh Tracey alikuwa akizunguka na mashine yake ya kunasa sauti, akamkuta kijana akipiga gita barabarani. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka wa 1930 Bunkeya, katika watu wa Bayeke, ambao wazee wao walitoka huku kwetu, nchi za Wasumbwa na Wanyamwezi, wakamfuata Msiri. Wimbo wake uitwao Masanga ulinaswa mwaka huo, na hata leo wapigaji wa nchi za mbali huukalia kitako kuujifunza.

Asikiaye wimbo ule mara ya kwanza hudhani ni watu wawili wanaopiga. Walakini ni mtu mmoja na vidole viwili: kidole gumba kinakwenda katika nyuzi nene bila kusita, na kidole cha shahada kinasema katika nyuzi nyembamba, kila kimoja kwa mwendo wake. Jambo hili halimjii mtu usingizini. Mwenye kutaka kulipata hana budi kukifundisha kidole gumba peke yake, jioni baada ya jioni, mpaka kiende pasipo kutazamwa, kama mtu aendavyo njia ya nyumbani kwake huku anazungumza. Ndipo kile cha pili kitiwe, tena kwa sauti moja au mbili tu. Ukivitia vyote viwili siku ya kwanza, vitagongana, nawe utasema huna karama.

Kuna jambo jingine katika habari za Mwenda ambalo litawapendeza makarani. Mtu huyu hakuishi kwa gita tu. Alipata kufanya kazi katika benki, na tena katika shirika la madini la Gécamines. Kadhalika Nicolas Kasanda, ambaye watu wa Kongo walimpa jina la Docteur kwa ustadi wake wa solo, alisomea ualimu wa ufundi. Hawa walikuwa watu wa kazi na masomo, wenye saa za kwenda na saa za kurudi. Asemaye ya kuwa ofisi haimwachii nafasi, na ajibiwe kwa majina hayo mawili.

Sasa nije katika kiini cha maneno yangu. Wanaojifunza wengi huanzia vidoleni, nami naona si pahali pa kuanzia. Solo huanza kinywani. Sikilizeni santuri za marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka wa 1944, akapiga katika Morogoro Jazz, akafika nayo hata Osaka katika maonyesho ya mwaka wa 1970, na mwaka wa 1973 akaanzisha Super Volcano. Alikuwa mwimbaji, naye ndiye aliyekuwa mpiga solo. Sikilizeni pale anapoacha kuimba: gita linalipokea neno pale pale kinywa kilipoliachia, linalirudia kwa namna nyingine, linauliza, linanyamaza kidogo kama mtu angojaye jibu, kisha linajibu lenyewe. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka 35. Na bado mtu akisikia sauti chache za gita lake humtambua kabla ya kusikia jina.

Basi fanyeni hivi. Chagueni wimbo mfupi mlioujua tangu utotoni, wa Kinyiha, au wa Kinyamwanga, au wa kwenu ko kote, ambao mama zenu waliimba wakitwanga au wakibembeleza. Uimbe pasipo gita mpaka ujue kila pahali unapovuta pumzi. Kisha utafute katika uzi mmoja tu, huku unaimba kwa sauti ya chini. Uzi mmoja, narudia, maana katika uzi mmoja kidole hakiwezi kujificha. Hulazimika kuteleza juu na chini kama sauti ya mtu ipandavyo na kushuka. Pale ulipovuta pumzi katika kuimba, inua mkono usipige kitu. Wanafunzi wengi hupiga gita lisilopumua. Hufululiza mpaka msikilizaji ndiye anayechoka kwa niaba yao.

Ukiisha kuupata wimbo hivyo, ndipo utazame mapambo. Kuna kuteleza kutoka sauti moja hata nyingine pasipo kuinua kidole. Kuna kugonga uzi kwa kidole cha mkono wa kushoto, sauti ya pili ikazaliwa bila kupigwa. Kuna kuusukuma uzi upande, sauti ikapanda kidogo kama ya mtu anayelia. Na kuna kukitikisa kidole juu ya uzi, sauti ndefu ikatetema. Kila pambo lina lake katika sauti ya binadamu, na usipoliona katika wimbo ulioimba, usilitie. Mwishowe fuata njia ya Wakongo: piga sauti mbili pamoja, ya wimbo na ya mwenziwe akaaye chini yake, kama ndugu wawili wanaoimba kanisani.

Juu ya wepesi nina neno moja. Wepesi wa vidole unapendeza, sikatai. Walakini sisi sote twamjua karani apigaye chapa upesi kupita wenziwe wote, na barua yake haifahamiki.

Saa moja ya jioni yatosha. Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumamosi, kwa kuwa vidole husahau upesi, na ngozi ya ncha zake huwa ngumu kwa kuguswa kila siku. Majuma ya kwanza vitauma. Hilo halina dawa ila kuendelea kidogo kidogo. Ikiwa chumbani mwako iko saa ya ukutani yenye kugonga kila sekunde, umekwisha pata mwalimu wa mwendo bila malipo: itakupigia mara 60 kwa dakika, wala haitakufuata ukikimbia. Piga sauti moja kwa kila mgongo. Siku utakapopiga mara kumi mfululizo pasipo kukosea, piga mbili kwa mgongo, si kabla ya hapo. Na kwa kuwa Tunduma yetu iko juu, Juni na Julai baridi hukakamaza mikono. Iosheni kwanza kwa maji ya moto.

Wazee waliojifunza kwa santuri walipotaka kuusikia wimbo polepole walipunguza mwendo wa kinanda, na sauti nayo ikashuka ikawa nzito. Siku hizi simu ya mkononi huweza kupunguza mwendo na kuiacha sauti pale pale. Simu hiyo hiyo na iwanase ninyi wenyewe mkipiga. Msijisikilize usiku ule ule. Jisikilizeni asubuhi, kama vile barua iliyoandikwa kwa hasira husomwa asubuhi kabla ya kupelekwa.

Wengine wataogopa kusemwa, kwa maana wako watu hata leo wadhanio ya kuwa gita na uhuni ni pacha. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji wake waliajiriwa, wakapokea mshahara kama sisi, na mazoezi yalikuwa ndiyo kazi yao. Zamani kijana aliweza kuketi karibu na bendi ya namna hiyo akatazama vidole vya mkubwa wake. Bendi hizo sasa ni chache, tena ziko mbali nasi. Kwa hiyo kama sisi wenye magita tutayaacha ukutani, watoto wetu hapa Tunduma watamtazama nani?

Yamebaki mambo madogo. Nyuzi zilizoshika kutu hazitulii katika sauti yake, na mwanafunzi hulaumu sikio lake bure. Zipanguseni kwa kitambaa kikavu kila mmalizapo. Wenye gita ambalo nyuzi zimeinuka mbali na shingo, hata kuzibana ni mateso, walete nikiisha kusema, tulitazame pamoja na mwanachama mwenzetu ajuaye useremala.

Sasa, kwa ruhusa ya Bwana Mwenyekiti, nitaimba wimbo mmoja wa kutwangia, kisha nitaupiga mara tatu: kwanza katika uzi mmoja, mara ya pili kwa mapambo, na mara ya tatu kwa sauti mbili. Mahali nitakaposahau kupumua, nyosheni mkono.