Mwili wetu si kontra

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa shirika letu, Buluo



Leo hatusemi juu ya mashamba wala michango. Tunasema juu ya maneno ambayo wengi wetu tumeyasikia mlangoni pa kazi tangu turudi: «Mama, kazi iko, lakini tuonane kwanza mangaribi.» Sisi tuliorudi tuna njaa ya kazi, na hatuna ndugu mkubwa ndani ya kampuni. Shefu anajua ile.

Sheria iko. Ile ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza kosa hili katika sheria za adhabu: mkubwa anayetumia cheo chake, kwa maneno, amri ao vitisho, ili mtu alale naye, anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Basi, juu ya nini bamama bananyamaza?

Tuliisoma pamoja, tukaona vizuizi vitatu. Kwanza, inataka tabia ya kurudiarudia. Mama aliyesumbuliwa mara moja tu atasema nini? Pili, kesi haifunguliwi mpaka yeye mwenyewe alalamike. Nyumbani hakuna unga, atamshitaki vipi anayemlipa? Tatu, hakimu anaweza kutoa faini peke yake. Patron analipa, kesho yuko kwenye kiti chake.

Sheria ya Kazi ya 2002 nayo inamruhusu mfanyakazi aliyesumbuliwa na patron kuvunja kontra palepale. Ni vizuri, lakini muangalie: anayetoka kazini ni yeye. Na mama anayeosha mawe ya madini kwa malipo ya siku, atavunja kontra gani?

Njia iko. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kimataifa la Kazi, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unasema tendo la mara moja linatosha, na unamlinda hata anayetafuta kazi, hata asiye na kontra. Kule Kenya, sheria ya 2007 inamlazimisha mwajiri mwenye watu 20 ao zaidi kuandika kanuni juu ya usumbufu huu. Njo tunaomba bajumbe wetu: mara moja itoshe, sendika ao shirika liweze kulalamika pamoja na mama, anayelalamika asifukuzwe, asiye na kontra naye alindwe.

Lakini tusikae tukingojea Kinshasa. Anayesumbuliwa aandike siku, saa, maneno, na nani alikuwa karibu. Asiende polisi peke yake: bawili kati yetu bamusindikize. Kisanduku chetu kinasaidia mgonjwa na mwenye kilio. Kisaidie pia mama aliyepoteza kazi juu ya kukataa. Na sisi batata, bibi akituambia, tusimuulize «ulivaa nini?» Tumuulize: «Ni nani? Twende.»

Tulirudi kwetu ili tuishi. Kazi tutaiomba kwa mikono yetu, si kwa mwili.